Mama Wembe na Mikono Mia Nne ya Kushoto

Alizaliwa mwezi Machi mwaka 1938, katika chumba cha nyuma cha fundi viatu, mtoto wa nne na wa kwanza kuishi. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatujipi madaraka tusiyopewa. Tunasimulia tu yanayokumbukwa na waliofanya naye kazi, kabla nao hawajatangulia. Jina la ubatizo limo kitabuni parokiani. Watu walimwita Mama Wembe, na ajabu ni kwamba hakumkata mtu hata kwa neno. Baba yake alimfundisha kushona ngozi kabla hajajua kusoma, akakua akiamini kwamba mshono mbaya ni uongo unaovaliwa.

Alipotimiza miaka kumi na tisa alibisha hodi utawani. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, na masista wakamrudisha akamtunze. Alilia njia nzima. Padri mzee wa parokia akamwambia, "Mwanangu, Mungu akikutaka hashindwi kukufuata kazini." Jumatatu iliyofuata aliingia kiwanda cha sare: chumba kirefu chenye bati juu, cherehani thelathini na moja kwa safu mbili, harufu ya chaki na mvuke wa pasi, na dirisha moja tu la maana. Chini ya dirisha hilo alikaa nyapara, filimbi shingoni. Aliyekosea alipuliziwa filimbi, akasimamishwa juu ya stuli wenzake wakimtazama hadi kengele ya chakula. Watu walijifunza upesi kuficha. Kosa lilikunjwa katikati ya rundo, likapakiwa, likaenda zake.

Mwaka 1968 nyapara alistaafu, na tajiri mwenye kiwanda akampa Mama Wembe unyapara na filimbi yake. Aliitundika msumarini, ikakaa hapo miaka sita bila kupulizwa. Kiti cha dirishani akampa mama mja mzito. Yeye akahamia cherehani ya mlango wa choo, ile iliyoruka mishono, iliyokwepwa na kila mtu. Kisha akaweka desturi moja: kosa likionekana, kila mmoja ashike wembe wake, wafumue wote, na asiulizwe mtu ni la nani mpaka uzi wa mwisho utoke. Wiki ya kwanza aliinua kola aliyoishona juu chini, akasema, "Hii yangu, wenzangu. Nisaidieni." Walicheka mpaka machozi. Tangu siku ile watu wakaanza kusema makosa yao mapema, mchana kweupe.

Leo maofisini wanabandika mabango ya "sisi ni familia moja", wanakodi wataalamu wa kufundisha upendo kwa kalamu za rangi, na siku ya kosa wanatafuta wa kumtupa nje. Tumeyaona, hatusahau. Chumba kile hakikuwa na bango hata moja.

Jaribu lake kubwa lilikuja Agosti 1974. Ziliagizwa gauni mia mbili za wauguzi, na siku tatu kabla ya kukabidhi ikagundulika kwamba mkataji mmoja alitandika vitambaa uso wote juu, badala ya uso kwa uso ili itoke jozi ya kulia na kushoto. Mikono yote mia nne ilitoka ya kushoto, na ilikwisha kushonewa. Wakataji walikuwa watatu, na tajiri hakujua ni yupi. Mama Wembe alijua: mistari ya chaki ilikuwa miwili miwili, kama aichoravyo mmoja wao, mzee ambaye macho yamemchoka. Yule mzee aliviringisha futi yake kidoleni.

"Nipe jina," alisema tajiri, "au leo hii unyapara basi."

Nyumbani mama yake aliishi kwa dawa, na dawa ziliishi kwa mshahara ule wa unyapara. Alikiri baadaye kwamba kwa dakika moja alimchukia yule mzee kabisa, na jina lilimfika ulimini. Kisha akajibu, "Tajiri, jina halifumui mshono." Akashika wembe, akakaa. Nyembe thelathini zikafuata. Walifumua, wakakata mikono ya kulia kutoka kwenye akiba ya kitambaa, na ile ya kushoto iliyozidi ikawa mifuko. Akiba ilitosha, kikabaki kipande cha kiganja. Hicho ndicho wanachokiita muujiza wake.

Gauni zilitoka kwa siku yake, na unyapara akavuliwa vilevile. Fundi wa vifungo, shoga yake, akamtania: "Utawa umekukosa, mume amekukosa, sasa na ukubwa. Umebakiwa na nini, mwenzangu?"

"Zamu ya asubuhi," alijibu.

Jioni yule mzee alimfuata mlangoni. "Dada, kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja, kesho nani angeniambia mkasi wake umeteleza?"

Kesho yake mzee alisimama mbele ya wote akasema mwenyewe kwamba haoni vizuri. Wakamhamishia kwenye kupanga vitambaa kwa kupapasa. Mama Wembe alifanya usafi usiku wa Jumamosi kwenye zahanati ili dawa zisikatike, na kwa miaka kumi na moja waliendelea kumletea makosa yao pale mlangoni pa choo, wakimpita nyapara mpya na filimbi yake.

Alifariki Juni 1999. Kiwanda sasa ni ghala. Anayetaka kumheshimu asiishie kuwasha mshumaa. Kesho kazini, kosa litakapojitokeza na vidole vikaanza kunyooshwa, ashike wembe kwanza.