Mchicha wa Ziwa Lewisville

Maziwa ya Texas karibu yote yametengenezwa na watu. Wamezuia mto kwa ukuta, maji yakajaa bondeni, wakaweka meza za kulia, vyoo na maegesho ya magari, wakaita ziwa. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilicheka kwa dharau. Mimi ni mtu wa Singida, mji wenye maziwa mawili ambayo hakuna aliyeyatengeneza ila Mwenyezi Mungu. Maji yake ni ya chumvi, hayanyweki wala hayapikiki, lakini hayakuanza kwa kibali cha serikali.

Dharau yangu haikudumu. Mwanzoni mwa 2018 mimi na binti yangu tulihamia Lewisville tukitoka Houston, mtaa wa Sharpstown. Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha huko siku nne mfululizo, maji yakapanda ngazi za ghorofa letu na gari langu likazama hadi usukani. Tangu hapo nilichukia maji ya aina yoyote. Hata bombani nilikuwa nafunga kabla ndoo haijafika nusu. Aliyeniponya ni rafiki yangu Mkenya, nesi anayekaa Mansfield, ambaye tulifahamiana kwenye semina ya watu wanaohudumia wazee. Aliposikia kwamba nimekaa miezi mitatu karibu na ziwa bila kwenda kulitazama, alinifuata nyumbani kwa gari lake.

"Dada, hiyo mafuriko haikuwa inakutafuta wewe," alisema. "Beba chai twende."

Tukaanza hivyo. Jumapili moja tunakwenda ziwa la kwangu, Jumapili nyingine ziwa la kule kwake, na siku za uvivu tunakaa kwenye bwawa dogo nyuma ya nyumba zetu za kupanga, ambako bata ni wakali kuliko walinzi. Yeye analeta githeri, makande ya kwao, mimi naleta chapati na chupa ya chai. Wenzetu wanachoma nyama, wazee wamekaa kwenye viti vya kukunja na ndoano zao, na mimi niliyekuwa nanyanyua wagonjwa vitandani siku sita, siku ya saba sinyanyui hata kijiko. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alikuwa anabaki ndani ya gari na vidude vyake vya muziki masikioni. Nilimwacha. Hofu ilinitoka polepole, na mwisho wa kiangazi nilikuwa naweza kuingiza miguu majini nikacheka.

Sasa nije kwenye mchicha. Jumapili moja ya mwezi wa tisa rafiki yangu alikuwa kazini, nikaenda ziwani na binti yangu. Ng'ambo ya meza za mwisho, pale maji yalipokuwa yamerudi nyuma, niliona mchicha pori umejaa. Sisemi majani yanayofanana na mchicha. Ulikuwa mchicha wenyewe, laini, wa kuchumwa leo. Miaka sita nilikuwa nakula majani ya dukani yaliyofungwa kwenye plastiki, hayana ladha wala heshima. Nilichukua mfuko kwenye buti la gari, nikafunga khanga kiunoni, nikachuma kama mtu mwenye wageni saba. Kwetu mboga ya porini ni ya aliyeinama. Haikunijia kabisa kwamba kuna mahali jani lina mwenyewe.

Mwenyewe akaja, mlinzi wa hifadhi, kijana mrefu mwenye kofia pana. Aliniuliza nafanya nini, nami nikamwonyesha mfuko kwa fahari. Akanieleza kwa upole kwamba pale hairuhusiwi kuchuma hata jani moja, akaomba leseni yangu ya udereva, akaandika karatasi, nikatia sahihi, akanipa nakala. Lilikuwa onyo tu, halina faini. Mchicha akauacha pale chini unyauke. Baadaye niligundua kwamba Wamarekani wanauita magugu ya nguruwe. Mimi, Mwislamu niliyekaa Marekani miaka sita bila kugusa hata soseji, nikaandikiwa kwa ajili ya magugu ya nguruwe! Leo nikiyaona nayasalimia kwa mbali, napita zangu nikicheka. Wakati ule sikucheka.

Sababu ni kwamba nilikuwa nimeshapeleka maombi ya uraia. Kwenye fomu kulikuwa na swali: je, umewahi kukamatwa, kuandikiwa kosa au kushikiliwa na afisa yeyote wa sheria? Nilikuwa nimejibu hapana, na siku naijaza lilikuwa jibu la kweli. Siku ya usaili wangeniuliza tena, nikiwa nimeapa. Je, onyo ni kuandikiwa kosa? Sikujua. Nilichojua ni kwamba nikisema ndiyo wanaweza kuahirisha kesi yangu wakatafute rekodi, na kuahirisha kungeniumiza mahali pamoja tu. Mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane, mwenye kadi ya kijani na anayeishi na mzazi wake, anakuwa raia siku ileile mzazi anapoapishwa. Akishatimiza kumi na minane, anaanza foleni yake mwenyewe tangu mwanzo. Binti yangu alikuwa anatimiza mwezi wa nne mwaka 2019. Usaili wangu ulikuwa mwezi wa pili.

Nilimpigia simu rafiki yangu.

"Aki usijiletee shida," aliniambia. "Hiyo ni warning tu, pengine haiko hata kwa system. Ukianza kuwapigia story ya mboga wata-postpone, na mtoto ata-turn eighteen ukiangalia. Sema no, uende home."

"Na kiapo je, dada?"

"Mungu anajua ni mchicha."

Maneno yale nilijifunika nayo miezi mitano. Lakini yalikuwa shuka fupi: nikifunika kichwa, miguu inabaki nje. Niliacha kwenda ziwani. Rafiki yangu akinialika nasingizia kazi, na lile bwawa la bata nyuma ya nyumba nililifungia pazia. Nilimkasirikia mlinzi, nikaukasirikia mchicha, kisha nikajikasirikia mwenyewe kwa tamaa ya mboga iliyokuwa inakwenda kumponza mtoto. Karatasi niliificha kwenye droo ya vijiko, chini kabisa. Binti yangu sikumwambia kitu. Naye hakuniuliza, na mimi nikashukuru kwamba vile vidude vya masikioni vilimzuia asisikie.

Siku ya usaili yeye ndiye aliyeendesha gari hadi Dallas. Nilikuwa nimeshaamua kusema hapana. Hata hivyo, kabla ya kutoka nyumbani nilifungua ile droo nikaitia karatasi kwenye mkoba. Mtu aliyekusudia kudanganya hana haja ya kubeba ushahidi, lakini ndivyo nilivyofanya.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, ana kikombe cha kahawa iliyopoa. Aliniambia niinue mkono wa kulia, nikaapa kusema kweli. Akaniuliza maswali ya historia na serikali, nikayajibu yote. Nikasoma sentensi yake, nikaandika nyingine. Kisha akaanza orodha ndefu ya umewahi hiki, umewahi kile, nami najibu hapana, hapana, hapana, tayari nimeshika mwendo. Akafika kwenye lile swali. Mdomo wangu ulikuwa umeshajipanga kusema hapana. Nikasema ndiyo.

Sikuwa shujaa. Niliogopa tu. Kiapo kwetu si mchezo, na wanasema njia ya mwongo ni fupi. Niliona kwamba ningetoka mle ndani na uraia wangu, halafu nikaogopa kila bahasha ya serikali mpaka kaburini.

Nikatoa karatasi. Aliisoma mara mbili.

"Majani gani?" aliuliza.

Nikamweleza: ni mboga, unaichemsha kidogo, unaweka kitunguu na nyanya, kisha karanga zilizotwangwa. Hakucheka. Alisimama, akachukua jalada langu, akaniambia nisubiri, akatoka.

Alikaa huko dakika kumi na mbili. Ukutani kulikuwa na saa, na sikuwa na kazi nyingine. Nilisema astaghfirullah mpaka ulimi ukakauka. Nilijiona nimemtupa mtoto wangu nje ya mlango kwa mkono wangu mwenyewe, na mlango unafungwa.

Aliporudi alikaa, akachukua kalamu nyekundu, akakata neno hapana kwenye fomu yangu, akaandika maneno machache pembeni, akaniambia nitie sahihi.

"Hili ni onyo, halikudhuru chochote," alisema. "Lakini tungeligundua wenyewe baada ya wewe kukana, tungekuwa na mazungumzo ya namna nyingine."

Kisha akanipa barua. Nimekubaliwa, kuapishwa ni mwezi wa tatu. Nilimwuliza tarehe mara mbili, na mara ya tatu nikaisoma mwenyewe kwa kidole. Wiki tatu kabla ya siku ya kuzaliwa ya binti yangu! Nikasema alhamdulillahi kwa sauti kubwa, mama wa watu akashtuka. Nilisimama, nikakaa tena bila kukaribishwa. Nilitaka kumkumbatia, nikaona nisije nikaandikiwa jingine.

Nilitoka nje nikitembea kwa haraka kama msichana. Binti yangu alikuwa ananisubiri kwenye maegesho, ameshika usukani na gari limezimwa. Mtoto huyu nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, ndivyo tulivyozoeana. Nilitegemea aniulize kwa Kiingereza kama nimefaulu.

"Mama, uliwaambia?"

"Niliwaambia nini?"

"Ile mchicha."

Nilimtazama. Miezi mitano hakuwa ametamka neno hilo.

"Niliwaambia," nikasema. "Na wamekubali. Naapa mwezi wa tatu. Wewe pia utakuwa umo."

Aliegemeza paji la uso kwenye usukani akalia kama alivyokuwa akilia udogoni, mabega yote yakicheza. Nilimshika mgongo nami nikaanza kulia, kwa raha, sikuona aibu.

"Nilikuwa so scared," alisema. "Nilikusikia kwenye simu. Nilijua uta-lie for me. Halafu mimi ningekaa na hiyo kitu my whole life."

Nikamwambia ukweli, maana siku ile nilikuwa nimeshauzoea.

"Mwanangu, mpaka naingia mlangoni nilikuwa naenda kudanganya."

"Najua, Mama," alisema, akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akawasha gari. "Nilikuona ulivyokuwa unatembea ukiingia."