Fundi wa Bomang'ombe na Mkanda wa Kiti

Fundi yule huwa hakimbilii boneti. Huanza kwa kunusa viti, kisha zulia, huku akijifuta vidole kwenye suruali hata vikiwa safi. Aikaeli, aliyemleta akague gari alilotaka kununua la kumteremsha mama yake kutoka mlimani kwenda kliniki kila wiki, alimtazama, ufunguo aliopewa na muuzaji ukiwa mkononi.

“Aina hii hawaitengenezi tena, dada, lakini vipuri vimejaa Himo,” muuzaji alisema. “Lilikuwa la mchungaji. Kanisani na nyumbani, basi.”

Fundi aliuvuta mkanda wa kiti polepole mpaka mwisho, pale ambapo waoshaji hawafiki. Tope kavu likamdondokea kiganjani, pamoja na makapi ya mpunga.

“Kumbe mchungaji alibatiza hata gari,” alisema kwa upole, “kwenye majaruba ya Mabogini yaliyofurika?”

Muuzaji alicheka peke yake. Aikaeli alikuwa ameshaurudisha ufunguo wake, juu ya boneti.