Siku Tisa za Kuiokoa Bandama ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu huchuuza samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge hapa mjini Butembo. Asubuhi moja ya mvua, pikipiki iliyombeba iliteleza kwenye matope, na usukani ukamgonga chini ya mbavu za kushoto. Aliinuka, akaokota samaki wake wote, akaja kwangu mtaa wa Kimemi kwa miguu. Kufika saa sita mchana alikuwa ameloa jasho baridi.

"Yaya, bega ya kushoto inaniuma sana," aliniambia mimi, mkubwa wake. "Na hata sikuangukia bega."

Nilimpeleka hospitalini, ambako ekografi, picha ya ndani ya tumbo, ilionyesha kwamba bandama imepasuka na damu inavujia tumboni; ndiyo iliyofanya bega limuume. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Miaka yote bandama nimeifundisha kwa sentensi moja: mahali ambapo chembe nyekundu za damu zilizozeeka huharibiwa. Basi nikamshauri daktari, mama mmoja mpole, aiondoe: "Docta, muitoshe tu. Mutu anaweza kuishi bila bandama."

"Anaweza, mwalimu. Lakini damu inatoka kidogo. Tungojee kwanza."

Akageuza bahasha ya ekografi, akachora mshipa wa bandama unaogawanyika matawi madogo madogo. Alinieleza kwamba chembe nyeupe za kinga husafiri ndani ya damu, hutoka nje ya mshipa zikifika kwenye bandama, kisha hufuata kando ya mshipa uleule mpaka mahali zinapokutana na adui aliyeingia mwilini na kumtambua.

"Mishipa ndiyo inazionyesha njia. Tukitosha bandama, hii njia inaisha. Ugonjwa mudogo unaweza kumukamata vibaya."

"Inazionyesha namna gani?"

"Kuko alama ku ukuta wa mishipa. Chembe inaitambua, inashika, inaingia. Ingine wataalamu bangali banaichunguza."

Nilisikia aibu, lakini pia moyo ulitulia kidogo.

Kazi ya mdogo wangu ikawa kulala bila kujigeuza ovyo, yeye ambaye hajui kutulia. Siku ya tatu damu yake ilipungua. Wauguzi wakaandaa chumba cha upasuaji, nami nikatoa damu ya kumwongezea. Daktari alimpima, akampima tena. Alasiri akatoka, akaniambia, "Damu imesimama." Nilikaa chini palepale kwenye korido.

Siku ya tisa, ekografi ilionyesha kwamba ufa wa bandama umeanza kuziba. Mdogo wangu akaruhusiwa kutembea. Alinishika mkono, akapiga hatua kumi, akasimama kupumua.

"Uniachilie," akasema.

Nikamwachia. Alifika dirishani peke yake, akageuka, akaanza kurudi.