Mkono Uliofundishwa Adabu

Mama mdogo ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenitafutia kazi kwenye kiwanda cha kufungasha asali hapa Tabora. Yeye alijaza chupa na kunipa, mimi nilifunga vifuniko. Kila asubuhi nilimwamkia mara mbili, nyumbani Mtendeni kama mzazi na mezani kama mkubwa wa kazi, naye akaitikia marahaba zote mbili bila kucheka.

Siku moja akaja fundi kutoka Dar na mkono wa roboti, mwepesi kiasi kwamba aliushusha garini peke yake. Akaufunga kwa bolti pembeni ya meza, kushoto kwangu. Alisema hauhitaji uzio, kwa kuwa ukimgusa mtu unasimama wenyewe. Kuufundisha nako si kazi: unabonyeza kitufe, unaushika kifundo, unauongoza, nao unakumbuka ulikopita. Meneja akamtaka mama mdogo aufundishe kazi yake. Hakumficha. Baada ya wiki moja, ukifikia kasi yake, yeye atapumzishwa. Usipofikia, fundi ataondoka nao.

Aliushika kifundo kama alivyonishika mimi utotoni. Mimi ni mashoto wa kuzaliwa. Kila mlo alikuwa akiutoa mkono wangu wa kushoto kwenye sahani na kuuweka wa kulia, mpaka nikazoea. Sasa aliuongoza ule mkono ukajaza chupa kwenye mizani, ukaichukua, halafu akausimamisha.

"Huu umekaa kushoto kwake," akamwambia fundi. "Utampaje mtu chakula kwa kushoto? Hauna adabu huu."

Akauzungusha wote mbele ya kifua changu, ukaniletea chupa upande wa kulia. Wenzetu walicheka, nami nilicheka. Kwa siku nne ulinipa asali kwa heshima zote, na kwa siku nne ulichelewa.

Siku ya tano mama mdogo alikwenda msibani Urambo. Fundi akaniuliza kwa nini mkono unazunguka hivyo. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilibonyeza kitufe, nikaushika kifundo kwa mkono wangu wa kushoto, nikauleta kwangu moja kwa moja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikuwa na kinyongo na mtu wala sikutafuta sifa. Nikijipekua ndani sikuti kitu, na hilo ndilo linalonitisha. Fundi aliangalia saa yake.

"Dada, umetuokoa," akasema.

Mama mdogo alirudisha aproni yake wiki iliyofuata. Kabla ya kuaga alisimama akautazama mkono ukinipa chupa tatu kwa kushoto. Mashoto pale kiwandani alikuwa mmoja tu, naye alimjua kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha akaaga.

Siku hizi napokea chupa kutwa, nafunga, napokea. Sijisikii vibaya wala vizuri.

Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani mama mdogo alipakua ugali, akanipa sahani kwa mikono miwili. Niliipokea kwa kushoto, makusudi. Nikamega tonge kwa kushoto, nikala, nikamega jingine, nikingoja autoe mkono wangu kwenye sahani kama zamani. Alikuwa ananitazama.

"Mboga ipo," akasema. "Ongeza."