Eveline Akataa Pampu ya Bondeni

Eveline Mhema alivunjika nyonga akipandisha ndoo ya maji kutoka bondeni. Ukungu ulikuwa umetanda kijiji chote cha Kitandililo, na njia ilikuwa tope tupu. Alirudi kutoka hospitali ya Njombe akitembelea fimbo, na tangu siku hiyo majirani ndio waliomchotea maji.

Basil, fundi wa maji, alipotangaza kwenye mkutano wa kijiji kwamba watachimbiwa kisima cha pampu ya mkono kule bondeni, watu walipiga makofi. Eveline akasimama.

"Bondeni chemchemi tunayo. Tabu yetu ni kile kilima. Tunataka maji yapande huku kwenye nyumba."

"Inawezekana, mama," Basil alijibu. "Ila patahitajika tenki na mashine ya umeme wa jua, na kila kaya itachangia uendeshaji. Watu watakubali?"

"Hatujawauliza. Tupeni wiki moja."

Alizunguka nyumba kwa nyumba. "Kamwene," alisalimu mlangoni, kisha akauliza wenye nyumba wanataka nini. Wengi walitaka bomba karibu, na walikubali kuchangia. Lukas, aliyelima kabichi na kufuga ng'ombe bondeni, alimfokea.

"Unataka kunikausha!"

Eveline aliondoka machozi yakimlengalenga. Kesho yake akarudi.

"Lukas, jana sikukusikiliza. Sema."

"Ng'ombe wangu wanakunywa pale chemchemini. Mkiyapeleka yote juu, mimi nifanyeje?"

Mkutano ulipoitishwa tena, Eveline alianza na shida ya Lukas kabla ya kusema yake. Basil akakubali kubadilisha mchoro: maji yapande, na bondeni libaki birika la kunyweshea mifugo. Mikono ikanyooshwa, wa Lukas ukiwemo.

Kazi ilichelewa. Mabomba yalikuja mvua zikiwa zimeanza, mitaro ikabomoka, ikachimbwa upya. Eveline hakuweza kushika jembe, hivyo akawapikia wachimbaji makande na kuwahimiza waliokata tamaa.

Siku maji yalipofika, bomba lilikohoa, likatema matope, kisha likatoa maji meupe. Eveline alijaza ndoo yake mwenyewe. Jirani alitaka kumbebea.

"Acha," alisema. "Hapa ni tambarare."

Wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Wiki hiyohiyo, aliposikia Basil atajenga vyoo vya shule, akaenda kukaa na wasichana, awaulize wanataka vyoo vya namna gani. Walimtajia milango inayofungika kwa ndani. Akaenda kumpigia Basil simu.