Ukuta wa Nje

Omolo alikuwa na nyumba mjini Nakuru ambayo mke wake hakujua kama ipo. Tuseme hivyo mapema, maana tukianza na mengine mtamwonea huruma kabla hajaistahili.

Hakuwa mtu wa siri. Alikuwa msaidizi wa fundi wa boila katika karakana ya reli, na kwa miaka saba alilala kwenye landhi, chumba kimoja cha reli ambacho siku ukiacha kazi unakirudisha pamoja na kufuli yake. Mkewe, Adero, alikuwa nyumbani Alego akilima na kulea watoto. Kila alipokwenda likizo, Omolo alikuwa akisafiri na wazee waliostaafu, kila mmoja na sanduku lake la bati. Miaka thelathini ya kazi, na yote imeingia katika sanduku ambalo mtu analibeba kwa mkono mmoja! Jambo hilo lilimtisha. Alitaka kitu ambacho reli haiwezi kumwambia akirudishe.

Mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na nne, askari mmoja mzee wa Kinubi alikuwa akiuza nyumba yake Bondeni. Vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, kuta za miti na udongo, paa la madebe yaliyopondwa yakanyooka. Omolo alifika Januari, jua limekausha kila kitu, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua chungu sokoni. Ukuta ukalia vizuri. Masikini, hakujua kwamba Januari kila nyumba ya udongo Nakuru hulia vizuri. Akalipa kwa akiba ambayo yeye na Adero walikuwa wamekubaliana ni ya ng'ombe wa maziwa.

Kwa nini hakumwambia? Alisema moyoni, nitamwambia ikipendeza. Aliiona siku hiyo waziwazi: Adero anashuka kwenye treni, anapelekwa mpaka mbele ya nyumba nyeupe iliyopakwa chokaa, anaulizwa unadhani hii ni ya nani. Kwa siku hiyo moja tamu alinyamaza, na ukimya, kama mjuavyo, hauli wala haunywi lakini hunenepa.

Miezi mitatu baadaye reli ilimhamishia Kisumu. Adero alifurahi, akafunga vyombo vyake akamfuata huko na watoto. Nyumba ikabaki Nakuru, mkoa mwingine kabisa, na mwenyewe hawezi hata kulitaja jina la mtaa wake mezani.

Aliiacha mikononi mwa Micah, mpangaji wa chumba cha mbele, fundi cherehani mpole aliyekaa bila kulipa kodi ili awe macho ya mwenye nyumba. Macho yalikuwa mazuri. Tatizo lilikuwa adabu. Micah alilelewa kwamba barua ni chombo cha salamu, na habari mbaya hutumwa kwa mdomo, mtu akiwa ameketi. Basi kila mwezi ilifika karakana ya Kisumu karatasi iliyojaa pande zote: sisi wazima, wapangaji wenzangu Wamalwa na mkewe Nekoye wazima, wakusalimu sana, mvua ni nzuri, Mungu ni mwema. Chini kabisa, pale ambapo kalamu hukaribia kuanguka ukingoni, mstari mmoja: "Ila ukuta wa nyuma umechoka kidogo." Omolo alisoma salamu akalala usingizi.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Alipopata pasi yake ya mwaka ya kusafiri bure kwa treni akaenda kutazama, alikuta ukuta huo uliochoka kidogo umelala chini nusu nzima, na fito zimetokeza. Akatafuta fundi, mwanamume mwenye mwiko na maneno mengi, aliyechota udongo palepale uani akapaka siku mbili. Udongo wa Nakuru ni majivu ya volkano. Peke yake haushiki kitu. Mvua ya Aprili ilipoanza uliteremka wote kama uji.

Ndipo Micah, kwa mara ya kwanza, alipoandika barua isiyo na salamu. Bwana Afya wa mji amebandika karatasi mlangoni. Nyumba ikandikwe kuta zote na ipakwe chokaa kwa siku thelathini, la sivyo itavunjwa.

Omolo aliomba ruhusa, akapanda treni ya daraja la tatu, akashuka Nakuru asubuhi, akaonyesha vitambulisho vyake kwa askari wa stesheni kama kila Mwafrika wa miaka ile, kisha akaenda moja kwa moja Bondeni. Alimkuta Nekoye ukumbini anachambua maharagwe. Akaingia chumbani mwake kwa ruhusa, akashangaa. Sakafu ilikuwa nyororo, kuta zimekandikwa kwa samadi na udongo mwekundu, zikachorwa mistari kwa vidole. Vyumba vyote vya wenye wake vilikuwa hivyo. Nje tu ndiko kulikokuwa kunakufa.

"Mama, unajua kukandika hivi," Omolo akasema, "na nje unaangalia tu ikianguka? Nitakulipa. Si bure."

Nekoye hakuinua kichwa. "Bwana Omolo, ndani ni kwangu na Wamalwa. Huko nitakandika mpaka nizeeke. Lakini ukuta wa nje ni wa mwenye boma. Mkono wangu ukipita hapo, watu watasema mimi ni mke wa nani?"

"Watasema umefanya kazi."

"Kwenu Alego wanasema hivyo?"

Omolo aliokota harage lililoanguka, akamrudishia. Kwao Alego pia mwanamke hukandika nyumba aliyoolewa, na akikandika ya mwanamume mwingine, hilo si kibarua, ni tangazo. Alikuwa anaujua mwiko huo tangu utotoni. Ila alidhani mjini, penye bati na namba mlangoni, haufiki.

"Lete mama mwenyewe," Nekoye akasema kwa upole. "Sisi tutamsaidia kubeba maji. Kwani hana mkono?"

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wamesema wahenga, lakini hawakusema ufanye nini kama mkono wa kuziba uko Kisumu na hujauambia kuna ufa.

Akarudi, akamwambia Adero yote, hata habari ya ng'ombe. Alidhani atapigiwa kelele, na angeshukuru. Adero aliendelea na kazi zake siku mbili. Siku ya tatu aliuliza swali moja tu.

"Baba Anyango, nyumba hiyo ya udongo umekaa nayo miaka miwili. Nani anakandika?"

"Hakuna mtu."

"Nyumba haisimami miaka miwili bila mwanamke." Akaweka sufuria chini. "Sikuulizi ng'ombe. Nakuuliza jina lake."

Omolo aliapa, na kila alivyoapa ndivyo alivyozidi kufanana na mwongo. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Nyumba alikuwa amekwisha kuizika moyoni. Sasa aliogopa kuwa atazika na ndoa yake. Adero alifunga nguo zake katika leso, akamchukua mtoto mdogo aliyekuwa bado ananyonya, wakubwa akawaachia jirani. "Nitajionea," akasema.

Katika treni alimpa mumewe mgongo kuanzia Kibos mpaka Njoro. Walipofika Bondeni hakumsalimu mtu, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kutembea uchi. Alimkabidhi Omolo mtoto, akaanza kuizunguka nyumba polepole, ukuta mmoja baada ya mwingine, akitembeza kiganja juu ya udongo. Alisimama penye alama za mwiko wa yule fundi, akazikwangua kwa ukucha. Alichungulia penye fito zilizo wazi. Nekoye na Micah walisimama mlangoni wakimtazama kama watu wanaongoja hukumu.

Mkono wa mwanamke ukikandika huacha upinde, upinde juu ya upinde, na mvua ikiufuta chini hubaki juu, chini ya upenu, ambako matone hayafiki. Adero aliangalia huko chini ya upenu pande zote nne. Hapakuwa na upinde hata mmoja.

Akaegemeza paji la uso kwenye ukuta ule mbovu, akacheka, na machozi yakamtoka. "Mjinga wewe," akamwambia mumewe. "Kweli umeiacha iteseke hivi?"

Uchakavu uliomtia Omolo aibu miaka miwili ulikuwa shahidi pekee ambaye Adero angemwamini.

Akavua bangili akazifunga kwenye pindo la kanga. Chepngeno, mama wa Kikipsigis aliyeleta maziwa mtaani kila asubuhi kutoka upande wa Lanet, aliletewa ombi la samadi, naye akaleta magunia matatu kwa punda. Nekoye na wenzake walibeba maji. Udongo mwekundu ulitoka mbali kidogo, kwa mkokoteni. Kwa siku sita Adero alikandika, upinde juu ya upinde, na wanawake walikanyaga udongo wakiimba, lakini hakuna aliyegusa ukuta isipokuwa yeye. Siku ya tisa Micah na Omolo walipaka chokaa. Bwana Afya alikuja, akagonga kwa kalamu, akaing'oa karatasi yake mlangoni.

Omolo alikata tiketi mbili za kurudi. Adero alimrudishia moja.

"Niletee watoto shule zikifungwa," akasema. "Chumba cha nyuma kiko wazi. Nyumba hii imekaa mjane vya kutosha."

Akarudi Kisumu bila mke, kwenye landhi, akawachukua watoto kwa jirani, akapika ugali na kuula kwa huzuni ambayo hakuificha. Mwezi ulipokwisha, barua ilifika karakana, mwandiko wa Micah lakini maneno si yake, kwa maana hapakuwa na salamu hata moja. Ilikuwa na mistari miwili.

"Baba Anyango, nyumba yetu ilipata ufa nje, upande wa Nekoye. Nimeuziba."