Nilivyomkingia kifua mwizi wa maksai wa kaka yangu: siku yangu mnadani kama polisi wa akiba, Sumbawanga

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkulima, naishi Pito. Baada ya kuvuna mahindi, mkaguzi wa polisi wa kata yetu aliitisha mkutano. Wanatafuta raia wa kujitolea kuwa polisi wa akiba.

Mshahara hakuna. Bunduki hakuna. Kuna mafunzo, sare, filimbi na kirungu.

Nikanyoosha mkono.

Mwenyekiti wa mtaa akanitania, "Mama Jeni, hapa hatutafuti mpishi."

Nikamjibu, "Hata mimi sijaja kupika." Watu wakacheka, jina likaandikwa.

Mafunzo yalikuwa magumu, nisiwadanganye. Kukimbia asubuhi kwenye baridi ya huku (mliowahi kuishi Sumbawanga mnaijua, unaosha uso vidole vinakufa ganzi), kwata, kumkamata mtu bila kumuumiza. Kuna wanaume waliacha njiani. Mimi nimezoea jembe, nikamaliza.

Nikapangiwa mnada wa ng'ombe, mimi na Ozem, fundi seremala wa Mollo niliyefunzwa naye. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka, kuzuia fujo, na kuwapigia simu polisi wenyewe kukiwa na jambo zito.

Sasa hapa ndipo ilipo habari yenyewe.

Kaka yangu Leonsi alikuwa ameibiwa maksai wawili, ng'ombe wake wa kulimia. Kwetu Ufipa mtu akikuibia maksai amekuibia msimu mzima. Na huyu Leonsi ndiye aliyenilea baba alipofariki. Ada ya shule yangu ilitoka kwenye mashamba aliyolima kwa maksai.

Siku moja ya mnada, mchana, nikasikia makelele upande wa zizi. Leonsi amemwona mmoja wa maksai wake akiuzwa. Alimwita kwa jina, ng'ombe akageuza kichwa. Kijana aliyekuwa ameshika kamba akakimbia, wakamdaka.

Nilipofika tayari alikuwa anavuja damu. Mtu mmoja anaulizia petroli. Na aliyetangulia mbele kabisa, fimbo mkononi, ni kaka yangu.

Nikapiga filimbi. Ozem akamvuta yule kijana ndani ya zizi la mbao, akakaa naye huko akipiga simu. Mimi nikaziba mlango kwa mwili wangu.

"Imelda, toka hapo," kaka akasema.

"Sitoki, kaka."

"Hao maksai ndio chakula cha wanangu! Unamlinda mwizi wangu?"

Nikashika mbao za mlango kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Umempata mmoja. Mwenzake yuko wapi? Ukimuua huyu, nani atakuonyesha?"

Akashusha fimbo kidogo. Nyuma mtu akapayuka, "Huyo mama kahongwa!" Mara jiwe likanipiga begani, nikayumba.

Hapo ndipo kaka yangu alipogeuka.

"Nani kampiga mdogo wangu?" Alinguruma. "Nauliza, nani?"

Akaja akasimama ubavuni kwangu, fimbo ileile, ila sasa ameielekeza kwa watu. Aliyekuwa anaulizia petroli sikumwona tena. Tukasimama hivyo, mtu na kaka yake, mpaka gari la polisi likafika.

Yule kijana alitibiwa, akahojiwa, akasema. Maksai wa pili alikutwa amefungwa porini, njia ya kwenda Kaoze, amekonda lakini mzima.

Mtadhani kaka alifurahi. Wapi! Alininunia wiki kadhaa. Kwake nilikuwa nimemwaibisha mbele ya wanaume wenzake. Kwake sikukanyaga, naye kwangu hakuja. Iliniuma kuliko lile jiwe.

Kisha Jumapili moja, tunatoka kanisani, mimi nimevaa sare kwa sababu nilikuwa nikiongoza magari barabarani, akaja moja kwa moja hadi nilipo. Kaka yangu mkubwa kabisa. Akavua kofia.

"Shikamoo, afande."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Nikavuta pumzi, nikamjibu, "Marahaba. Maksai hawajambo?"

"Hawajambo. Kesho tunaanza kulima. Njoo ule."

Nilikwenda, na nilikula haswa.

Nilichojifunza: sare itakufanya uonekane mgeni, lakini utaifanyia kazi mbele ya watu wa kwenu. Ukiweza kumwambia "sitoki" mtu unayempenda, wengine wote ni wepesi. Na mwizi aliye hai anaongea, wakuu. Maiti haionyeshi ng'ombe alipo.

Haya, semeni na nyie. Ungekuwa wewe pale mlangoni, na mwenye fimbo ni ndugu yako, ungefanyaje? Na wale wa "kazi ya bure hiyo" karibuni pia, nimeshawazoea.